Mdogo wangu anakusanya kapasita za maikrowevu, anasema atatengeneza nishati kama ya jua. Nimpe hela?

SWALI: «Shikamoo mwalimu. Mimi si mtu wa umeme, nauza vitambaa Kariakoo. Mdogo wangu amemaliza diploma ya umeme mwaka jana na kazi hajapata. Tangu hapo anazunguka kwa mafundi na wauza skrepa akinunua kapasita za maikrowevu, sasa ziko kama arobaini chumbani kwake Tabata. Anasema Marekani kuna mashine inaitwa Z, haitumii leza, inatumia kapasita tu, inatoa umeme kuliko mitambo yote ya dunia, na kwamba tayari wameshapata nishati zaidi ya waliyoingiza. Anataka milioni mbili aongeze kapasita na shaba atengeneze ndogo yake. Mama anaogopa nyumba italipuka kama bomu la nyuklia. Mimi sijui kama huyu kijana ana akili sana au kachanganyikiwa. Nimpe hizo hela?»

JIBU: Marahaba dada. Kijana hajachanganyikiwa. Karibu kila alichokwambia kina ukweli ndani yake, ila ukweli wa huku kaufunga na wa kule, na hesabu za katikati kaziruka. Nitazirudia moja moja. Lakini hizo kapasita za chumbani haziwezi kusubiri maelezo, kwa hiyo tuanze nazo.

Kapasita huhifadhi umeme na hubaki nao hata baada ya kuchomolewa. Ya maikrowevu hufanya kazi kwenye volti kati ya 2000 na 3000, na ikijaa hubeba jouli nne au tano (jouli ni kipimo cha nishati). Hizo ni kidogo, ingawa kwa volti hiyo hata moja tu si ya kuchezea. Sasa ziunganishe arobaini kwa pamoja uzijaze: unapata kama jouli 180. Mashine ya hospitali ya kushtua moyo uliosimama hutumia jouli kati ya 120 na 360. Kwa maneno mengine, mdogo wako anaweza kuwa na kipigo cha kusimamisha moyo kimekaa kwenye rafu, hakitoi sauti wala hakiwaki taa.

Nyingi huwa na rizista ndogo ndani ya kumwaga chaji, lakini kwa mali ya skrepa huwezi kujua kama rizista hiyo bado ni nzima. Tena kapasita kubwa ina tabia mbaya: unaimwaga, unaiacha kidogo, volti zinajirudisha zenyewe. Kwa hiyo: asiziunganishe. Kama ameshaziunganisha na kuzijaza, mtu yeyote asiziguse, watoto wasiingie chumbani, na aje fundi mwenye kipimio cha volti kubwa. Mita ya kawaida ya mafundi, ile ya volti 600 au 1000, si ya kazi hiyo. Kumwaga chaji ni kwa rizista nzito iliyoshikwa na fimbo isiyopitisha umeme. Ile staili ya kugusisha bisibisi iachwe kabisa, huwa inaruka cheche na chuma kilichoyeyuka. Zikishamwagwa, kila moja ifungwe waya kati ya miguu yake miwili na ikae hivyo. Katika hili usikubali maelezo ya kwenye simu, yangu yakiwemo: mtu aje aone kwa macho. Karakana ya umeme ya chuo alichosoma ni pa kuanzia.

Mama mwambie alale. Bomu la nyuklia halipo humo. Kapasita zinaweza kuua mtu mmoja aliyezishika vibaya au kuwasha moto, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kuogopa. Muungano wa viini vya atomu, ule unaoliwasha jua na ambao ndio kijana anautafuta, hautokei kwa bahati mbaya. Hata kwa wenye mashine yenyewe, mafuta yanayotumika kwa mpigo mmoja ni kiasi kidogo sana cha gesi, na likishapita lile tukio kila kitu kimezimika.

Sasa mashine Z. Ipo kweli, iko Albuquerque, jimbo la New Mexico, kwenye maabara ya taifa ya Sandia. Ina kipenyo cha mita 33 na kapasita 2,160, kila moja ikijazwa hadi kilovolti 85 hivi. Kapasita moja ya Z ina jouli zaidi ya 9,000, yaani hizo za mdogo wako kama elfu mbili. Jumla ni megajouli 20 hivi. Ukitaka kuzifikia kwa kapasita za maikrowevu unahitaji milioni nne na zaidi. Dar nzima hakuna maikrowevu mbovu za idadi hiyo.

Lakini angalia megajouli 20 ni nini kwa lugha ya LUKU. Uniti moja ni megajouli 3.6. Kwa hiyo Z, kwa mpigo wake mkubwa kabisa, inaanza na uniti zisizofika sita! Dukani kwako feni na taa zinaweza kula hizo kwa siku mbili tatu. Hapo ndipo maneno ya «umeme kuliko mitambo yote ya dunia» yanapowapotosha watu wengi, na si mdogo wako peke yake. Mitambo yote ya dunia kwa wastani huzalisha kama terawati tatu na nusu (terawati moja ni megawati milioni). Z hufikia terawati 80 hivi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, maana yake ungehitaji mabwawa zaidi ya 37,000 kufikia kasi hiyo. Kwa muda gani? Nanosekunde 100, sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Baada ya hapo hakuna kitu, na siku imeisha. Nishati ni ileile kidogo, kilichobadilika ni muda wa kuitoa. Mashine hii haiwezi kumaliza mgao wa umeme mtaani kwenu hata kwa dakika moja, na haikujengwa kwa ajili hiyo.

Utaalamu wenyewe, ambao mimi nauita umeme wa mpigo, ni kazi ya kubana muda hatua kwa hatua. Kapasita zinajazwa taratibu, kama dakika moja na nusu, zikiwa zimeunganishwa sambamba. Halafu swichi zinafunga kwa mara moja na kapasita zilezile zinajikuta zimepangwa mstari, moja nyuma ya nyingine, volti zinajumlishana. Mbinu hiyo aliibuni Mjerumani Erwin Marx mwaka 1924. Kwenye Z kuna majenereta 36 ya namna hiyo, kila moja lina kapasita 60, na 60 mara kilovolti 85 ni volti milioni tano. Yamezamishwa ndani ya mafuta ya transfoma, kwa sababu hewa haiwezi kuzuia volti za namna hiyo (na hewa yetu ya pwani, yenye unyevu na chumvi, ndiyo kabisa).

Kutoka hapo umeme unaingia kwenye maji. Ndiyo, maji, yaliyosafishwa mpaka hayana chumvi yoyote. Watu hushangaa, maana tumefundishwa maji na umeme ni maadui. Maji safi yakipewa volti kubwa kwa muda mfupi sana, kama sehemu moja ya milioni ya sekunde, hayapati nafasi ya kuvunjika, na yanahifadhi nishati mara themanini ya hewa kwenye nafasi ileile. Basi kila tangi la maji linapokea mpigo mrefu na kulisukuma tangi linalofuata kwa mpigo mfupi zaidi. Ile picha maarufu ya radi za buluu zikitambaa juu ya maji, ambayo nina hakika mdogo wako anayo kwenye simu, ni umeme uliovuja. Ule unaofanya kazi hauonekani.

Kwa nini haraka yote hiyo? Kwa nini asichukue kapasita nyingi, waya mnene wa shaba, akafunga swichi? Hili ndilo ningependa umsomee neno kwa neno. Kila waya hukataa mkondo wake kubadilika ghafla. Kipimo cha ukaidi huo kinaitwa induktansi, na waya wa mita moja unayo kama maikrohenri moja. Uupe volti 3000: mkondo unapanda kwa ampea bilioni tatu kwa sekunde. Inatisha kuisikia, lakini kwa nanosekunde 100 hizo ni ampea 300. Z inahitaji ampea milioni 26 ndani ya muda huohuo. Kuongeza kapasita hakutamsaidia hata kidogo, kwa sababu kinachomzuia ni ule waya, si uhaba wa nishati. Ndiyo maana Z ina mamilioni ya volti, na ndiyo maana umeme wake haupiti kwenye waya bali kati ya sahani pana za chuma zilizokaribiana sana, ndani ya ombwe, yaani mahali pasipo hewa, zikiingia katikati kutoka pande zote kama mduara.

Na ampea milioni 26 za nini? Za kubana. Mkondo ukipita kwenye kitu huzungukwa na uga wa sumaku, na uga huo hukibana kitu chenyewe kuelekea ndani. Mwaka 1905 huko Australia, Pollock na Barraclough walichunguza bomba la shaba la kuzuia radi lililopondwa na radi, wakaeleza kwamba ni mkondo wenyewe uliolisaga. Kanuni ni hiyohiyo. Ampea milioni 26 zikipita kwenye kitu chenye nusu kipenyo cha milimita moja, shinikizo la sumaku linafika kama mara milioni 100 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Hakuna chuma kinachostahimili.

Kinachowekwa pale katikati ni mrija wa beriliamu, urefu kama sentimita moja, upana wa milimita sita hivi, ukuta nusu milimita. Unaweza kuushika kwa vidole viwili. Ndani yake kuna deuteriamu, ndugu mzito wa haidrojeni. Kwanza koili za nje huweka uga wa sumaku ndani ya mrija. Pili, na hapa mdogo wako arekebishe, leza hutumika: inapenya kwenye kidirisha chembamba juu ya mrija na kuipasha gesi moto kwa kilojouli mbili hadi nne. Tatu, mkondo unafika na mrija unaporomoka kuelekea ndani kwa kasi ya kilomita 70 kwa sekunde au zaidi, mpaka gesi inabaki uzi mwembamba kama unywele. Joto hupita nyuzi milioni 30, mara mbili ya kitovu cha jua. Ule uga wa sumaku wa mwanzo nao umebanwa pamoja na gesi, unazuia joto lisikimbilie ukutani. Kinachoshikilia gesi pale kwa muda huo mfupi ni uzito wa mrija wenyewe, ambao ukishaingia ndani unachelewa kurudi nje. Majaribio kamili ya mpango huu yalianza mwaka 2013, nao unaitwa MagLIF.

Shida ni kwamba mrija haukubali kubanwa sawasawa. Bana donge la ugali kiganjani: linapenya katikati ya vidole. Sumaku ikisukuma chuma, kila kasoro ndogo juu ya chuma hukua na kuwa mkunjo, mikunjo inakuwa makorongo, na korongo likifika ndani kabla ya wakati mafuta yanachafuka na kupoa. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko zote. Mkondo mkubwa wanao tangu zamani. Kinachowatoa jasho ni ulaini wa mrija na ulinganifu wa mkandamizo, na sehemu ya umeme inayopotea njiani kabla ya kuufikia mrija.

Matokeo je? MagLIF imefikia nyutroni kama trilioni kumi kwa mpigo mmoja, nazo ni chembe zinazoruka viini vinapoungana. Namba hiyo ikisomwa kijiweni inaleta heshima. Geuza iwe nishati: ni jouli kama 12, kutoka megajouli 20. Kwa haki ni lazima niseme wanatumia hasa deuteriamu, isiyo rahisi kuungana. Wangetumia mchanganyiko wa deuteriamu na tritiamu, haidrojeni nzito zaidi, mpigo huohuo ungetoa kama jouli elfu mbili. Bado ni kidogo mno ukilinganisha na kilichoingia.

Waliopata zaidi ya walichoingiza ni wengine: maabara ya Livermore, California, tarehe 5 Desemba 2022, kwa leza 192. Waliingiza megajouli 2.05 za mwanga kwenye kidonge cha mafuta, wakapata megajouli 3.15. Ni tukio kubwa kweli, nami nililifurahia. Lakini kwa LUKU megajouli 3.15 hazifiki uniti moja, na ili leza hizo ziwake, gridi ilitoa kama megajouli 300, yaani uniti 83. Mteja mdogo wa nyumbani, yule wa uniti 75 kwa mwezi, hapo ameshapita kiwango chake.

Na hapo ndipo hoja ya mdogo wako inaposimama. Leza zile nazo zinaanzia kwenye kapasita! Umeme unawasha taa kubwa, taa zinachochea vioo, vioo vinatoa leza, na kila hatua inakula sehemu kubwa. Umeme wa mpigo unaruka hatua hizo na kubana mafuta moja kwa moja. Z, ilipokuwa ikilipua nyavu za nyaya nyembamba, ilitoa zaidi ya megajouli mbili za eksirei kutoka megajouli 20 za kapasita. Kwa ufanisi, leza hazikaribii. Ndiyo maana wawekezaji wameanza kuangalia huku. Kampuni ya Pacific Fusion ya Marekani ilitangaza mwaka 2024 kwamba imeahidiwa zaidi ya dola milioni 900, zitakazotolewa kwa awamu kadiri inavyofikia malengo, ili ijenge mashine kubwa kuliko Z. Mimi nadhani njia hii ina nafasi nzuri ya kutoa zaidi ya kinachoingia. Kufika kwenye mita yako ya LUKU ni habari nyingine. Z hupiga kama mara moja kwa siku, na kila mpigo unaharibu sehemu yote ya katikati, mafundi wanaingia kusafisha na kufunga vyuma vipya. Michoro ya mtambo wa kuzalisha umeme kwa njia hii inataka mpigo kila sekunde kumi, kila mmoja ukitoa kama gigajouli tatu, na chuma cha katikati kiyeyushwe na kutengenezwa upya kila mara. Hata hivyo chumba kimoja cha namna hiyo kingetoa kama megawati 100 za umeme. Hakuna aliyekaribia hapo.

Kwa hiyo kutengeneza Z ndogo Tabata, hapana. Lakini kijana mwenye kiu ya namna hii asiambiwe hapana tu akaachwa. Kuna njia iliyowahi kutengenezwa kwa ajili ya nchi kama yetu. Miaka ya 1980 Profesa Sing Lee wa Malaysia, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa na kituo cha fizikia cha ICTP cha Trieste, Italia, alibuni mashine ndogo ya kubana plasma, yaani gesi ya moto inayopitisha umeme, yenye kapasita moja: maikrofaradi 30, kilovolti 15, jouli zaidi ya 3,000. Ikijazwa deuteriamu inatoa nyutroni halisi za muungano wa viini, kama milioni 100 kwa mpigo. Walimu wa vyuo kutoka nchi mbalimbali, Misri, Pakistan na Thailand zikiwemo, walifundishwa kuitengeneza. Ni mashine ya maabara, na kapasita yake hiyo moja inaua bila ubishi, kwa hiyo si ya chumbani. Ila Sing Lee ameacha pia kielelezo cha hesabu kinachoendeshwa kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, na hakiuzwi. Mdogo wako anaweza kukaa nacho mwezi mzima akibadilisha volti, induktansi na gesi, na ataelewa mengi kuliko ambavyo kapasita elfu zingemfundisha.

Akishafanya hivyo aende Mlimani, idara ya fizikia, akiwa na grafu zake mkononi. Mwalimu yeyote humsikiliza mtu aliyekuja na hesabu. Na akifika hatua ya kutaka kutengeneza kitu kinachotoa nyutroni au eksirei, hapo ni lazima waende TAEC, wasimamizi wa mionzi nchini, kabla ya kufunga hata skrubu moja.

Kuhusu milioni mbili: ya kapasita na shaba usitoe. Kama unazo na una nia ya kumsaidia, mnunulie oskiloskopu (kifaa kinachochora umbo la umeme kwenye skrini) nzuri iliyotumika, kipimio cha volti kubwa, glavu za umeme na rizista za kutosha. Kupima mipigo mifupi ndio ufundi wa kwanza wa fani hii, na ndio huohuo unaohitajika kutengeneza inveta za sola, UPS na mashine za kuchomelea, kazi ambazo Dar hii hazikosi wateja. Oskiloskopu aijaribu mwenyewe dukani kabla hujalipa. Kwenye bei simfundishi mtu wa Kariakoo.